Kiboksi cha pancha hakikuja kumfuta fundi

Leo sina story ya muziki wala ya siasa. Leo ni tairi. Usiende bado, kaa nami kidogo, utaona inakuhusu hata kama huna gari.

Binamu yangu ana gari dogo la kubeba mboga. Anatoka huku kwetu Majengo saa tisa usiku kwenda kuchukua mzigo, na saa moja asubuhi ako sokoni. Mapema mwaka huu aliona video ya msee akiziba tairi kwa dakika tano bila hata kulitoa garini. Ujumbe ulikuwa wazi: siku za kupoteza pesa kwa mafundi wa kando ya barabara zimeisha, nunua kiboksi hiki, jitegemee. Binamu akaagiza chake. Wiki ya pili msumari ukaingia ubavuni mwa tairi, ile sehemu ya pembeni yenye maandishi. Akachomeka utambi wa mpira, akajaza upepo, akaona hautoki, akajipiga na picha.

Siku tatu baadaye tairi lilipasuka kwenye Thika Road akiwa kasi. Gari likazunguka, likagonga ukingo kwa upande wa kushoto. Binamu alivunjika mfupa wa bega. Tanboi wake alikuwa amebaki sokoni siku hiyo kwa bahati tu, na kiti chake ndicho kilichobondwa kabisa.

Kilichobaki cha lile tairi nilikipeleka kwa mzee mmoja anayeziba pancha karibu na Gikomba. Amekuwa pale tangu kabla sijazaliwa. Aliligeuza, akapitisha kidole ndani, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, nani aliwaambia ubavu unazibwa?" Nikamwambia ni kile kiboksi. Akacheka kidogo. "Kiboksi ni kizuri. Hata mimi ninacho. Lakini hicho ni cha kukuleta kwangu, si cha kukutoa kwangu."

Maneno hayo yalinikaa. Nikaanza kusoma historia ya hiki kitu, na leo nataka kutetea hoja ya mzee. Kiboksi cha pancha hakikutengenezwa kumfuta fundi. Na mtaa kama Pumwani unalijua hilo kuliko mitaa mingi.

Mpira uliopikwa

Tuanze na mpira wenyewe. Mpira mbichi unaotoka mtini ni shida tupu. Jua likiwaka unanata kama ubani uliotafunwa, baridi ikija unakauka na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani anaitwa Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganya mpira na salfa kisha uupashe moto, unabadilika. Unakuwa mgumu lakini bado unavutika, na hali ya hewa hauijali tena. Kushika hapo ni muhimu, kwa sababu kuziba pancha vizuri ni upishi wa aina hiyo hiyo. Kiraka kizuri hakibandikwi juu ya mpira kama stika. Ile gundi, ambayo mafundi wanaita soluseni, ina kemikali zinazofanya mpira wa kiraka na mpira wa tairi vishikane viwe kitu kimoja.

Tairi la upepo lilifuata. Robert Thomson wa Scotland alisajili wazo hilo mwaka 1845, likasahaulika. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, John Boyd Dunlop, akalisajili upya baada ya kumtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu isiyomtikisa. Safari hii dunia ilikuwa na wazimu wa baiskeli, kwa hivyo ikashika.

Lakini lilikuwa na kasoro moja kubwa. Tairi lilikuwa limegundishwa kwenye ringi. Ukipata pancha, umekwama.

Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi la Dunlop lililotoboka kwenye kiwanda cha akina Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kuliziba kulichukua kama saa tatu, halafu gundi ikaachwa usiku mzima ikauke. Asubuhi Édouard Michelin akaipanda ile baiskeli kuijaribu. Hakufika mbali, likaisha upepo tena. Angekuwa mtu mwingine angesema tairi la upepo ni ujinga. Yeye alisema upepo ni mzuri, tatizo ni kwamba mwenye safari hawezi kujisaidia. Mwaka 1891 akasajili tairi linalotoka kwenye ringi, lenye tyubu ndani, ambalo mtu angeweza kulifungua mwenyewe njiani. Mwaka huo huo Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200.

Hapo ndipo ule mkebe mdogo wenye msasa, gundi na viraka ulipopata maana. Kazi yake ilikuwa kukufikisha. Uko katikati ya njia, hakuna mtu, unaziba, unaenda.

Bei ambayo haikuandikwa kwenye mkebe

Wasee wengi wanaposimulia story ya Dunlop na Michelin wanaishia hapo, kila mtu anapiga makofi. Mimi siwezi, kwa sababu huo mpira ulitoka mahali. Na miaka hiyo sehemu yake ilitoka kwa majirani zetu.

Tangu 1885 nchi ya Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Msituni kulikuwa na mimea inayotambaa yenye utomvu wa mpira. Tairi la upepo lilipoanza kuuzika Ulaya na Marekani, bei ya mpira ikapanda, na watu wa Kongo wakalazimishwa kuleta kiwango fulani. Kijiji kikishindwa, wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao walete mpira. Watu waliuawa. Askari walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi, na uthibitisho ulikuwa mkono uliokatwa. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, akiwa amekaa akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hizo zilizungushwa kwenye mikutano Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji.

Kwa hivyo mtu akiniambia tairi ni kitu cha wazungu ambacho sisi tulikuja kukipokea tu, namwambia hapana. Sisi tulikuwepo tangu mwanzo. Tulikuwa upande wa kulipa.

Na huku kwetu? Ukitoka Pumwani kuelekea tauni unapita Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps likitamkwa na midomo yetu. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza walipigana na Wajerumani upande wa Tanganyika, mahali ambapo barabara hazikuwepo na mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Mzigo ukabebwa na watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Dunia ilikuwa tayari na magari yenye matairi ya upepo. Sisi tulipewa kichwa na mgongo.

Mtaa usiotupa mpira

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni ilitaka Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja panapoonekana, kwa hivyo vijiji vya zamani kama Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini vikavunjwa na watu wakaambiwa waje huku wajenge. Pangani ilikuwa ya mwisho kuvunjwa, mwaka 1939, na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo hapo jirani. Ulijenga nyumba yako kwa pesa yako, lakini ardhi haikuwa yako. Mwanaume alitembea na kipande shingoni kuonyesha ameajiriwa na nani. Mji ulitaka mikono yako mchana, haukutaka maisha yako.

Katika maisha kama hayo, baiskeli ilikuwa mali kubwa. Zile baiskeli nzito nyeusi ambazo Wakenya waliziita Black Mamba zilibeba watu, maziwa, makaa, hata wagonjwa. Na ukiwa na mali moja tu, hautupi tairi kwa sababu ya tundu moja. Unaziba. Tyubu ikijaa viraka hadi haifai, unaikata inakuwa blada, ile mipira mirefu ya kufungia mzigo. Watoto wanachukua kipande wanatengeneza manati. Tairi la gari likiisha kabisa linakatwa akala, na akala zinatembea miaka. Mpaka leo ukiingia Gikomba mkokoteni unaokukanyaga mguu unatembea kwenye matairi yaliyostaafu kwa gari la mtu. Hayo yote watu walifundishana wenyewe, si kwa mtaala wa shule.

Vita vya pili vikafanya dunia nzima iishi kama Pumwani kidogo. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, ambako sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilikuwa ikilimwa. Ghafla tairi jipya likawa adimu kila mahali, hata kwa matajiri. Serikali kubwa kubwa zikaanza kuwaambia wananchi wao waendeshe polepole na watunze matairi. Somo hilo huku lilikuwa limeshafundishwa.

Baada ya uhuru watu waliingia Nairobi kwa wingi na kazi za ofisi hazikutosha. Vijana waliowahi kufanya kazi kwa mafundi Wahindi, na wengine waliojifunza kutoka kwa hao vijana, wakafungua kazi zao chini ya jua: kufua chuma, kuchomelea, kuziba pancha. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoifanya dunia ianze kuzungumza kuhusu sekta isiyo rasmi. Ripoti ilisema hawa watu si tatizo la mji, ni sehemu ya uchumi, waachwe wafanye kazi. Sisi tukawaita jua kali. Mwaka uliofuata, 1973, Mzee Kenyatta akaruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum. Matatu nyingi za wakati huo zilikuwa magari yaliyochoka. Sasa fikiria barabara za mashimo, gari limejaa, tairi limekwisha. Fundi wa pancha akawa mtu muhimu kama dereva. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawakuta mafundi wakipiga chuma juani, akaagiza wajengewe vibanda. Kamukunji iko hapo chini tu, dakika chache kwa miguu.

Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, nduthi zikamwagika nchi nzima, na pancha zikaongezeka nazo. Halafu mwaka 2016 Sameer Africa, waliokuwa wakitengeneza matairi ya Yana hapa Nairobi, walifunga kiwanda baada ya kushindwa na matairi ya bei rahisi kutoka nje. Maana yake leo sisi hatutengenezi tena tairi la gari. Tunanunua yaliyotengenezwa mbali. Kazi iliyobaki mikononi mwetu ni kuyafanya yaishi bila kuua mtu. Hiyo kazi ni ya fundi wa kando ya barabara, yule mwenye tairi limetundikwa kwenye mti na neno PANCHA kwa rangi nyeupe.

Kwa nini binamu alianguka

Sasa turudi kwenye kiboksi. Tairi lisilo na tyubu lilitangazwa na kampuni ya Goodrich ya Marekani mwaka 1947, na kuanzia miaka ya 1950 magari mapya yakaanza kuja nalo. Faida yake ni kwamba msumari ukiingia, upepo hutoka polepole, na unaweza kuziba kwa nje kwa kusukuma utambi wa mpira kwenye tundu. Hasara yake ni kwamba ukizibia nje, hujaona ndani.

Hapo ndipo penye kifo. Ukiendesha hata kidogo tairi likiwa halina upepo, uzito wa gari unausaga ubavu kwa ndani. Nje linang'aa, ndani linamwaga unga mweusi. Hakuna utambi utakaokuonyesha hilo. Mzee alilijua kwa kidole kimoja.

Kwa hivyo sikatai kiboksi. Nunua. Lakini nunua ukijua haya.

Kwanza, jua tairi lako. Nduthi nyingi na baiskeli zina tyubu ndani. Hizo utambi hauzisaidii kitu, unahitaji viraka, msasa, gundi na vyuma vya kung'olea tairi. Gari dogo la siku hizi kwa kawaida halina tyubu, hilo ndilo la utambi.

Pili, angalia vyuma. Kile cha kukwaruza tundu na ile sindano yenye jicho viwe na mpini imara, ikiwezekana wa umbo la T. Mpini wa plastiki dhaifu utavunjikia mkononi, na hapo tayari umeshalitanua tundu. Gundi ikishafunguliwa hukauka, kwa hivyo usinunue kiboksi leo ukakifungua miaka mitatu baadaye ukitarajia miujiza. Ongeza koleo la kung'olea msumari, pampu, na kipimo cha upepo. Zile dawa za kopo za kupuliza ndani ya tairi ni za kukutoa hapo tu. Ukizitumia mwambie fundi, atajua tairi limejaa maji maji kabla halijamrukia usoni.

Tatu, jua mahali pa kuziba. Ni sehemu inayokanyaga lami tu. Ubavu hapana. Begani, pale tairi linapoanza kukunja kwenda ubavuni, hapana. Tundu lililozidi milimita 6 hapana. Hizo sehemu zinapinda kila gurudumu likizunguka, na kiraka hakiwezi kushikilia nyuzi za ndani zilizokatika. Hapo funga spea.

Nne, namna. Simama mahali salama, weka alama za hatari, usiingie chini ya gari lililo kwenye jeki. Ng'oa msumari ukikumbuka umeingia kwa upande gani. Kwaruza tundu kwa kufuata mwelekeo huo. Pitisha utambi kwenye jicho la sindano, paka gundi, sukuma mpaka zibaki ncha fupi nje, kisha vuta sindano kwa haraka moja. Jaza upepo kufikia namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango, si namba ya kubahatisha. Mwaga maji ya sabuni juu yake. Povu likitokea, bado. Kata ncha, endesha taratibu.

Kama ni kiraka cha tyubu, kosa la wengi ni haraka. Piga msasa hadi mpira upoteze kung'aa, pangusa vumbi, paka gundi kidogo, halafu subiri ikauke hadi isishike kidole. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu kuanzia katikati. Ukibandika ikiwa mbichi, utarudi hapo kesho.

Tano, na hii ndiyo yangu kubwa. Ukishafika, nenda kwa fundi. Alitoe tairi kwenye ringi, aangalie ndani, aweke kiraka kwa ndani pale penye utambi. Mwambie pia akusomee umri wa tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usiwe na haya kuuliza, na usiwe na haraka kumwona ni mwizi.

Najua kuna mafundi wabaya. Wapo wanaotoboa tundu la pili, wapo wanaobandika kiraka juu ya uchafu. Lakini dawa ya fundi mbaya ni wewe kujua kazi inavyofanywa, ili usimame hapo uangalie ndani ya tairi pamoja naye. Michelin alitaka mwenye safari aweze kujisaidia. Hakusema mwenye safari ajifanye anajua yote.

Binamu ameanza kupona. Wiki iliyopita alinyanyua mkono hadi usawa wa kichwa kwa mara ya kwanza. Tanboi wake bado ako naye, na sasa wana mpango wao: kiboksi kinakaa chini ya kiti, spea inaangaliwa upepo kila Jumapili, na utambi ukiingia tairini usiku, asubuhi lazima wapitie kwa mzee. Juzi walipitia bila pancha yoyote. Mzee aliwakaribisha benchi, akaliangalia gari kwa mbali, akawaambia la nyuma kulia limepungua upepo. Walipima. Lilikuwa limepungua kweli.